Siku 84 za kusoma na mpwa wangu

Siku ya 1

Nimeanza daftari hili usiku huu kwa sababu nimemwahidi dada yangu jambo ambalo sina hakika nitaliweza. Mwanawe ana miaka tisa na vitabu anavikimbia. Si mvivu. Mpe tochi mbovu, ataifungua, atapanga vipande vyake mezani kwa mstari, na ikirudi mkononi mwako inawaka. Ila mwekee kitabu mbele: mara kiu imembana, mara tumbo, mara paka hajaonekana tangu asubuhi na lazima atafutwe.

"Mjomba, leo kichwa kinauma."

"Basi ukurasa mmoja tu, mjomba."

Tulisoma nusu. Nimeandika: maneno 46, amekwama mara 11, dakika 3 na sekunde 20. Mpango ni dakika 20 kila jioni kwa wiki 12, jedwali ukutani, na nyota kwa kila ukurasa. Lengo: amalize kitabu kizima peke yake. Lengo nimelipigia mstari mara mbili.

Siku ya 3

Dada amempeleka kupimwa macho. Nilimsihi apimwe na kuona karibu pia, kwa kuwa lile bango la herufi la ukutani linapima kuona mbali. Mtoto anaweza kuusoma mstari wa chini kabisa akiwa amesimama huko nyuma, na bado akachoshwa upesi na maandishi aliyoyashika mkononi. Macho ni mazima, masikio pia. Nikiri: nusura nisikitike. Miwani ingekuwa jibu rahisi.

Siku ya 5

Leo sikumsomesha. Nimemsomea mimi, hadithi ya kurasa sita iliyo ngumu kuliko zote anazopewa, kisha nikamwuliza maswali. Alijibu yote. Halafu akaniuliza lake: kama mlinzi alikuwa amelala nje, nani aliyefunga mlango kwa ndani? Nilirudi nyuma kurasa mbili kutafuta. Hakuna aliyeufunga. Mwandishi alijisahau, na mimi ni mara ya tatu nasoma hadithi ile bila kuliona hilo.

Watafiti Philip Gough na William Tunmer waliandika mwaka 1986 kwamba kuelewa maandishi ni zao la mambo mawili: kuyatambua maneno yaliyoandikwa, na kuielewa lugha yenyewe. Zao, yaani kuzidisha, si kujumlisha. Kimoja kikiwa tele na kingine kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Mpwa wangu lugha anayo, tena ya kuwakosoa waandishi. Anakwamia mlangoni, kwenye maneno.

Siku ya 9

Jedwali lina nyota 14 na mimi nina mashaka. Siku hizi anachagua kitabu chembamba kuliko vyote, chenye picha inayojaza ukurasa na mstari mmoja chini. Jana alifunua kurasa mbili kwa mpigo na kudai nyota mbili. Nilipomwuliza hadithi inahusu nini, alinijibu kwa upole, kama mtu anayemwelewesha mgeni: "Mjomba, si ulisema kurasa?"

Kweli nilisema kurasa.

Siku ya 10

Jedwali nimelibandua. Ningekumbuka mapema jaribio la Mark Lepper na wenzake la mwaka 1973 ningeokoa karatasi. Walichukua watoto wadogo waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi, wakawaahidi baadhi yao cheti wakichora. Baada ya wiki moja au mbili kalamu zilirudishwa darasani bila ahadi yoyote, na wale walioahidiwa wakawa wanazigusa kidogo kuliko wenzao. Wale waliopewa cheti bila kuahidiwa kabla hawakupungukiwa na hamu. Mimi nilikuwa namlipa mtoto kwa kitu ambacho hata hajaanza kukipenda, kwa hiyo huenda sikuharibu kitu. Ila nilimfundisha kuwa kurasa ni mali ya mjomba.

Hakuuliza jedwali limekwenda wapi. Hilo nalo limenifunza.

Siku ya 12

Leo nimesikiliza makosa yake badala ya kuyahesabu, na hapa nataka kuandika kwa kirefu.

Silabi anazijua. Ba be bi bo bu hana shida nazo, hata "ng'" na "ng" anazitenganisha. Maneno mafupi anayasoma vizuri. Shida inaanza neno likirefuka. Anashika mwanzo, anabahatisha kati, anameza mwisho. Kitabu kilisema "hawakumwona", yeye akasoma "walimwona", na tangu hapo hadithi nzima ikaenda kinyume: watoto waliojificha vizuri wakawa wameshakamatwa, na yeye haelewi kwa nini bado wamo mwituni kurasa tatu mbele. Akafunga kitabu. "Hadithi hii haina maana." Kwa jinsi alivyoisoma, ni kweli haikuwa na maana.

Tunajisifu kwamba Kiswahili kinasomwa kama kinavyoandikwa, na ni kweli, hatuna herufi zinazoandikwa ili zisitamkwe. Lakini tunamficha mtoto jambo jingine: neno letu moja laweza kuwa sentensi nzima. Chukua "hatukuwatarajia". Herufi 15, silabi 8, na ndani yake kuna ukanushaji, kuna sisi, kuna wakati uliopita, kuna wao, na mwisho kabisa ndipo kuna jambo lenyewe. Mtoto anayedonoa silabi moja moja kama kuku, akifika "ji-a", ile "ha" ya mwanzo imeshamtoka kichwani. Anabahatisha kwa sababu mikono imejaa.

Siku ya 13

Nimekata vipande vya karatasi: HA, TU, WA, M, KU, LI, JI, TARAJIA, ONA, SAIDIA. Nikampanga "hatukuwatarajia" mezani, nikamwambia amenye. Atoe vipande kutoka mbele kimoja kimoja mpaka abaki na kiini. Alipofika "tarajia" akasema, "Kumbe ni hili tu?"

Kisha tukaanza kuvisha upya. Hawakututarajia. Hamkututarajia. Yeye akapanga "hatukujitarajia", akacheka mpaka akajilaza sakafuni. Eti watu wamefika mahali na hawakuwa wanajitarajia. Tumekaa dakika 40. Kitabu hakikufunguliwa na sijali.

Siku ya 15

Kumenya kunafanya kazi pia ndani ya kitabu. Anaziba kichwa cha neno kwa kidole gumba, anasoma kiini, kisha anakirudisha kichwa. Tunaita "mkia kwanza". Inachelewesha, lakini habahatishi. Dada anauliza kama ni njia inayofundishwa mahali. Nimemwambia ni ya mezani petu.

Siku ya 18

Polepole kama jana. Dada ameomba miadi kwa mtaalamu wa matatizo ya kusoma, nami nimekubali, ingawa mwanzoni nilitaka tusubiri. Kwa lugha zenye tahajia nyoofu, kama Kifini, Kiitaliano au hii yetu, mtoto mwenye disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma, hujitambulisha zaidi kwa mwendo wa kobe kuliko kwa makosa mengi. Anaweza kusoma sawa na bado akawa anataabika. Kusubiri "atazoea" ni kumchelewesha.

Siku ya 19

Tumeanza kusoma wawili kwa sauti moja. Njia hii si yangu. Roger Morgan aliianzisha Uingereza miaka ya 1970, na Keith Topping akaieneza kwa wazazi miaka ya 1980. Mtoto ndiye anayechagua kitabu. Mnasoma pamoja, mkubwa akifuata mwendo wa mdogo. Mdogo akijisikia kwenda peke yake anagonga, mkubwa ananyamaza. Akikosea, unangoja kama sekunde nne au tano. Asipojirekebisha unalisema neno, analirudia, mnaendelea pamoja mpaka agonge tena. Hakuna "angalia vizuri". Hakuna "hili si tulilisoma jana?"

Ukiisoma juu juu utadhani njia hii imetungwa kumsaidia mtoto. Sekunde nne zile ni dawa ya mkubwa. Sikujua kwamba mimi naruka kumsahihisha kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Leo nilihesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu, na kwenye tatu akajisahihisha mwenyewe. Ni mara ngapi nimemnyang'anya nafasi hiyo tangu siku ya 1? Zile mara 11 nilizoandika kwa fahari, ngapi zilikuwa zangu?

Hakugonga hata mara moja. Alisoma akiwa amejificha chini ya sauti yangu.

Siku ya 22

Hajagonga.

Siku ya 24

Amegonga. Sentensi moja: "Paka akaruka dirishani." Kisha akanitazama haraka nirudi. Nikarudi.

Siku ya 27

Aligonga nami nikanyamaza kwa ukurasa mzima na mistari miwili. Alikwama kwenye "aliyemkimbilia", akaziba kwa gumba, akatoka. Sikusema neno. Nilitaka kupiga makofi, nikaikumbuka tabasamu yangu ya siku za jedwali, nikamwuliza tu: "Unadhani atamkuta?"

"Hawezi kumkuta. Yule ana baiskeli."

Siku ya 31

Nimejaribu kusoma kwa kurudia. Jay Samuels aliielezea mwaka 1979: kipande kifupi, unakisoma tena na tena mpaka maneno yatoke bila kukaza akili, ili akili ibaki huru kufuata maana. Nilichukua kipande cha maneno 100 na saa ya mkononi. Mara ya kwanza dakika 2 na sekunde 35. Ya pili dakika 2 na sekunde chache. Ya tatu akasema, "Nimeshaisoma, mjomba. Mbona unaniuliza tena? Nilikosea?"

Hilo "nilikosea?" lilinichoma. Kwake kurudia ni adhabu. Ndivyo alivyokutana nako. Nimeweka saa kabatini. Njia yenyewe naamini ni nzuri, ila sijui niipitishie mlango gani.

Siku ya 38

Tunaendelea vizuri, sina la kuandika.

Siku ya 41

Amerudi kutoka shule akiwa kimya. Kumbe walisoma kwa zamu, kila mtoto aya moja, na yeye alihesabu watu ili ajue aya yake ni ipi, akaifanyia mazoezi kimya, halafu mwenzake mmoja akaruka zamu, akaangukiwa na aya nyingine. Kuna aliyecheka.

Jioni nikafanya kosa. Nilileta kitabu kama kawaida. Nilidhani ratiba itamtuliza. Alisoma mistari minne kwa sauti ya kunong'ona, machozi yakaanguka juu ya ukurasa, naye akawa anayafuta kwa kiganja ili kitabu kisiharibike. Dada alitoka chumbani akakichukua. "Kaka, mwache mtoto apumue."

Nami nilipokuwa darasani nilikuwa nahesabu watu vivyo hivyo. Sijui kwa nini nilikuwa nimesahau.

Siku ya 42 hadi 47

Hatukusoma. Tulifungua redio ya zamani. Dada anamsomea usiku, taa ikiwa hafifu, yeye akiwa ameelekea ukutani. Hilo hatukulikata hata siku moja, na nadhani ndilo lililotuokoa: hadithi hazikumfungia mlango, zilimsubiri.

Nimeufuta ule mstari wa lengo wa siku ya 1. Kwa wiki sita nimekuwa nikimpima kama hapendi vitabu. Anavipenda. Anachokiogopa ni kusikika.

Siku ya 48

Kama anaogopa kusikika, nani asiyeweza kumhukumu? Marekani, mjini Salt Lake City, mwaka 1999 ulianza mpango wa watoto kuwasomea mbwa waliofunzwa kukaa na watu. Mbwa hasahihishi. Sisi tuna paka, lakini paka wetu humkalia kitabu mtu yeyote anayekifungua. Tuna, hata hivyo, mdogo wa kike wa mpwa wangu, miaka minne, hajui kusoma hata herufi moja na anamwona kaka yake kama mtu anayejua kila kitu.

Sikupendekeza chochote. Niliacha tu kitabu cha picha cha yule mdogo kwenye mkeka, nikaenda kuosha vyombo polepole sana.

Siku ya 49

"Kaka, nisomee."

Bomba nililifunga. Alimsomea. Sauti ya simba ikawa nzito, ya sungura nyembamba. Simba huyu kwangu hakuwahi kuwa na sauti yoyote.

Alipomaliza mdogo akasema, "Tena."

Siku ya 53

Kitabu kilekile, mara ya tisa. Yule binti hakubali kingine, na akirukiwa neno moja anapiga kelele, maana ameshalikariri. Na kaka mtu anarudia bila kinyongo, maana anayerudishwa nyuma si yeye kwa kosa lake, ni hadithi inayotakiwa tena. Nimesimama mlangoni nikiwa na kitambaa cha vyombo mkononi nikamkumbuka Samuels. Saa iko kabatini, na kazi yake inafanywa na mtoto wa miaka minne.

Leo maneno hayatoki tena moja moja. Yanatoka kwa mafungu, na mwisho wa sentensi sauti inashuka.

Siku ya 58

Vibonzo. Kuna mtu mzima nyumbani (simtaji) aliyesema vibonzo si kusoma. Nilimwomba asome kurasa mbili kwa sauti. Aligundua kuwa katika kibonzo kila neno ni la mtu fulani anayelisema akiwa na hasira, hofu au hila, na usipoliona hilo usoni mwa mchoro hujasoma. Kwa mtoto aliyekuwa anasoma kama anayetaja orodha, hayo ni mazoezi bora kuliko aya zangu.

Siku ya 61

Ameleta kitabu mwenyewe. Kinahusu viumbe wa baharini, kinene, maandishi madogo. Ipo kanuni ya vidole vitano: mtoto anasoma ukurasa mmoja, anakunja kidole kwa kila neno asilolijua, vikifika vitano kitabu ni kigumu kwake. Alimaliza vidole vya mkono mmoja kabla ya nusu ukurasa. Alinitazama. Kanuni hiyo nilimfundisha mwenyewe, nikaona anangoja nimnyang'anye kitabu.

"Vidole vyako vya miguu je?" nikamwuliza.

Kanuni ni nzuri kwa mtoto asiyejua achague nini. Kwa mtoto anayetaka kitu hiki hasa, uchu una nguvu kuliko vidole. Tumekubaliana aanze na maelezo mafupi yaliyo chini ya picha, na asome kurasa kwa mpangilio autakao. Ameanzia katikati.

Siku ya 63

Nilikuwa chumbani nikasikia mbio. "Mama! Pweza ana mioyo mitatu! Na damu yake ni ya buluu!" Dada akasema si kweli. Akaletewa kitabu, akasomewa, kwa sauti, neno kwa neno, kidole kikiwa chini ya mstari, na mtoto ambaye wiki tatu nyuma alikuwa ananong'ona. Moyo mmoja unasukuma damu mwilini, miwili kwenye matamvua. Ubuluu ni wa shaba, kama wekundu wetu ulivyo wa chuma. Alikwama kwenye "matamvua", akarudi, akapita. Hakuniangalia. Sijui kama alijua nipo.

Siku ya 70

Mtaalamu amemwona. Amesema bado ni mzito kuliko wa rika lake, kwamba tunachofanya kiendelee, na arudishwe baada ya miezi sita. Tatizo hakulipa jina, wala hakusema halipo. Dada alitaka jibu moja. Mimi nimeridhika kiasi: niliogopa jina kuliko alivyoliogopa yeye. Njiani mpwa wangu aliuliza kama wale watu wana kitabu cha papa.

Shuleni dada amezungumza na mwalimu. Wamekubaliana aya yake ataijua siku moja kabla. Jambo dogo, na lingefanyika tangu mwanzo kama kuna mmoja wetu angeuliza.

Siku ya 74

Siku mbaya. Alikuwa amechoka, alibahatisha ovyo, "wanaogelea" ikawa "wanaongea", samaki wakawa wanaongea. Siku ya 1 ningesahihisha. Nilingoja. Kwenye tatu akasimama mwenyewe, "Samaki wanaongea?" akacheka, akarudi nyuma.

Siku ya 79

Hatusomi tena kwa sauti moja. Anasoma kimya, midomo ikicheza, mimi nimekaa pembeni na kitabu changu. Niliinama nichungulie yuko ukurasa gani, kwa ajili ya daftari hili.

"Mjomba, wewe soma cha kwako."

Siku ya 84

Kitabu cha bahari hakipo mezani, wala kwenye mkeka, wala kabatini. Mlango wa chumba chake umerudishiwa na taa inawaka. Sijui amefika ukurasa wa ngapi.